Breki ya baiskeli ya mtoto ipimwe kwa mkono wa mtoto

Mtu mzima akitaka kujua kama baiskeli ya mtoto ina breki, kwa kawaida hubana wenzo wa breki kwenye usukani, huisukuma baiskeli mbele, gurudumu likigoma anaridhika. Kilichopimwa hapo ni nguvu ya kiganja cha mtu mzima, na kiganja hicho hakitakuwepo mtoto atakapokuwa anateremka. Vidole vya mtoto ni vifupi, nguvu yake ni ndogo, na mara nyingi haukumbatii wenzo kwa vidole vyote. Anaugusa kwa ncha za vidole viwili. Breki iliyoshika barabara kwako inaweza kuwa pambo tu kwake.

Kuna jambo la pili linalowachanganya hata watu wanaojua kushika spana. Breki ya mkono ni msururu mmoja: kidole, wenzo, waya, raba (kipande kinachobana rimu), rimu (duara linaloshika tairi), tairi, ardhi. Huwezi kugusa sehemu moja nyingine zisiitike. Ukiusogeza wenzo karibu na usukani ili vidole viufikie, umeupunguzia mwendo, yaani safari yake hadi usukani. Wenzo wenye mwendo mfupi unataka raba zikae karibu zaidi na rimu, la sivyo utagonga usukani kabla breki haijashika. Raba zikikaa karibu na rimu iliyopinda, zitakwaruza kila mzunguko. Aliyeanza na skurubu moja ndogo ya wenzo anajikuta ana kazi ya kunyoosha rimu kwa spoku. Kwa hiyo ukaguzi uanzie mkononi mwa mtoto, maana ndiko tatizo linakoonekana, lakini ufundi uanzie gurudumuni, maana ndiko marekebisho mengine yote yanakoegemea. Wengi hufuata njia moja kwa yote mawili, na ndipo wanapozunguka nusu siku bila kumaliza.

Jua kwanza unakagua breki gani

Baiskeli nyingi ndogo zina breki ya kukanyaga nyuma. Mtoto anarudisha pedali kinyume, na ndani ya habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) vipande vya chuma vinatanuka na kubana ukuta wa habu. Hakuna waya wala wenzo. Kanuni za Marekani za usalama wa baiskeli zinaitaka breki hii kwenye baiskeli za watoto ambazo kiti kikipandishwa hadi mwisho hakizidi 635 mm kutoka chini, na kikishushwa hadi mwisho hakipungui 560 mm. Kanuni hizo zinakataza pia baiskeli za kundi hilo kutegemea breki za mkono peke yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8098, kinachohusu baiskeli za watoto zenye kiti cha kati ya 435 mm na 635 mm, kinasisitiza jambo jingine: breki mbili zinazojitegemea, moja ya mbele na moja ya nyuma. Usishangae basi kuona baiskeli mbili za umbo moja, hii ikiwa na kukanyaga nyuma tu, ile ikiwa na breki ya mbele ya mkono pamoja na kukanyaga nyuma.

Kwa breki za mkono, utakazokutana nazo sana ni mbili. Breki za koleo zimefungwa kwa bolti moja juu ya gurudumu na mikono yake inashuka pande mbili za tairi. Breki za V zina mikono miwili mirefu iliyosimama kila mmoja upande wake wa foki (uma unaoshika gurudumu), na waya unapita kwa juu ukiunganisha ncha zake. Nyuma ya baiskeli ndogo unaweza pia kukuta breki ya mkanda, ile yenye kikopo cha duara pembeni mwa habu. Za diski zipo, ila kwa mtoto mdogo naona faida yake ni ndogo kuliko usumbufu wake.

Mkono wa mtoto

Mpandishe mtoto kwenye baiskeli, miguu ikiwa chini, mikono imeshika vishikio kama anavyoshika siku zote. Mwambie anyooshe vidole na kuviweka juu ya wenzo bila kuhamisha kiganja. Sasa inama uangalie kwa karibu. Wenzo ukiangukia kwenye kiungo kilicho jirani na ukucha wa kidole cha shahada, au ndani zaidi ya hapo, umbali unafaa. Ukiangukia kwenye nyama ya ncha ya kidole, umbali ni mkubwa. Na ukiona kiganja kinabingirika mbele na kidole gumba kinaachia kishikio ili vile vingine vifike, ni mkubwa mno: mtoto huyo analazimika kuchagua kati ya kushika breki na kushika usukani.

Kanuni za Marekani nilizozitaja zinaweka kikomo cha umbali wa wenzo na usukani, ukipimwa nje hadi nje, 76 mm kwa baiskeli hizi ndogo na 89 mm kwa kubwa. Hicho ni kikomo cha juu ambacho mtengenezaji asikivuke. Mtoto mwenye kiganja kidogo anaweza kushindwa na hiyo 76 kabisa, hivyo amini kidole unachokiona kuliko karatasi iliyokuja na baiskeli.

Nyenzo nyingi za breki zina skurubu ndogo ya kurekebisha nafasi hiyo. Iko karibu na pini ambayo wenzo unazungukia, mara nyingi upande wa ndani, pale wenzo unapotulia ukiachiwa. Inazungushwa kwa bisibisi au spana nyembamba ya L. Ukiikaza, wenzo unasogea kuelekea usukani. Wenzo usio na skurubu hiyo, na ule wa plastiki unaopinda ukibanwa, mimi huona ubadilishwe bila kubembelezana nao. Plastiki inayopinda inakula mwendo ambao ungefika kwenye raba, na nyenzo ndogo za watoto zinapatikana bila kununua baiskeli nyingine.

Baada ya umbali, angalia mahali kidole kinapovuta. Mlango ni mwepesi ukiusukuma mbali na bawaba, na wenzo ni vivyo hivyo: kidole kikivuta karibu na ncha, nguvu ndogo inazaa mvuto mkubwa, kikivuta karibu na pini, mtoto anajikamua bure. Baiskeli nyingi hutoka kiwandani nyenzo zikiwa zimegandana na vishikio, na hapo vidole viwili vya mtoto vinaangukia katikati ya wenzo au karibu na pini. Legeza bolti inayoubana kwenye usukani, usogeze wote kuelekea katikati ya baiskeli, hadi vidole viangukie kwenye theluthi ya mwisho. Bolti ikiwa bado imelegea, tazama na pembe. Wenzo uliolala sawa na ardhi unamfanya mtoto akunje kifundo cha mkono kwenda juu kila anapotaka kushika breki. Uinamishe kidogo mpaka mkono, kifundo na vidole vikae kwenye mstari mmoja akiwa amekaa kitini. Kaza tena, lakini si kwa hasira. Mafundi wengi huacha bolti hii imekaza kiasi cha wenzo kutogeuka kwa mkono, ila uweze kugeuka baiskeli ikianguka badala ya kuvunjika.

Ndipo uje mtihani wa nguvu. Mtoto asimame kando ya baiskeli akiwa ameshika usukani, abane wenzo mmoja tu, wewe ukisukuma kutoka kwenye kiti. Akiwa amebana ya nyuma, gurudumu la nyuma liburuzike bila kuzunguka. Akiwa amebana ya mbele, sehemu ya nyuma ya baiskeli ianze kunyanyuka. Gurudumu likiendelea kuzunguka huku amebana kwa nguvu zake zote, breki hiyo haijafaulu, hata kama wewe unaigomesha kwa kidole kimoja.

Nguvu inapotelea njiani

Breki ikifeli mtihani huo, macho ya wengi yanakwenda kwenye raba. Mimi ningeanza na waya. Waya unaopita ndani ya ganda, mfumo ambao Ernest Bowden aliupatia hataza mwaka 1896, una uzuri wa kupinda unakotaka na ubaya wa kula nguvu kila unapopinda. Kwenye baiskeli ya mtu mzima hasara hiyo haisikiki sana, kwa sababu kiganja kina nguvu ya ziada. Kwa mtoto hakuna ziada. Zaidi ya hayo, baiskeli yake ni fupi, kona za ganda ni kali, na mara nyingi ganda limekatwa kwa kukadiria tu.

Tenganisha waya na breki ili ujue uzito uko upande gani. Kwenye breki za V ni rahisi: bana mikono yake miwili pamoja, chomoa kile kibomba kilichopinda kinachopitisha waya juu. Sasa vuta wenzo ukiwa umeushikilia mwisho wa waya kwa vidole vya mkono mwingine. Waya unapaswa kuteleza bila kukwama na kurudi wenyewe ukiuvuta kidogo. Kisha sukuma mikono ya breki kwa kidole, irudi yenyewe kwa springi. Upande mzito ndio mgonjwa. Watu hutumia muda mrefu kukaza springi za breki ambazo hazina kosa lolote, wakati kutu iko ndani ya ganda.

Angalia kichwa cha waya ndani ya wenzo, kile kifundo kinachokaa kwenye kitobo chake. Kikikaa nusu nje, siku moja kitachomoka. Angalia nyuzi karibu na kichwa hicho na karibu na bolti inayobana mwisho wa waya. Uzi mmoja uliokatika na kusimama kama unywele unatosha kuuhukumu waya wote. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Ganda likikaza na kuvuta breki, ni fupi. Likijikunja kama kitanzi, ni refu. Waya mpya, ganda jipya lililokatwa kwa mkato safi, na tone la oili nyepesi ndani yake: marekebisho haya matatu hubadilisha breki ya mtoto kuliko raba za bei kubwa.

Kuna ugonjwa mwingine unaojificha hapa. Breki za V, ambazo Shimano ilizileta sokoni mwaka 1996, zinahitaji waya uvutwe urefu mkubwa. Za koleo zinahitaji urefu mdogo. Nyenzo nazo zimetengenezwa kwa aina mbili kufuata hilo. Fundi akikosa wenzo wa aina yake akafunga wowote uliopo, baiskeli itafungika, ila haitasimama sawasawa. Wenzo wa V ukifungwa kwenye koleo, unaposhika unauhisi mgumu na imara, hauendi mbali, na mtu mzima anausifu. Kumbe ugumu huo ndio udhaifu wenyewe: nguvu inayofika kwenye rimu ni pungufu, na mtoto hataliziba pengo hilo. Kinyume chake, wenzo wa koleo kwenye breki ya V utakuwa laini, utakwenda mpaka usukani, na utakulazimisha kuzikaribisha raba hadi zinagusa. Ukikuta wenzo mgumu na breki dhaifu kwa pamoja, shuku jambo hili kabla ya kukaza chochote.

Gurudumu, kisha raba, kisha waya

Hapa sasa ndipo ufundi unapoanzia. Nati za ekseli, ule mhimili wa gurudumu, zikague kwanza. Gurudumu lililokaa upande kwenye foki litaisogelea raba moja, na utakesha ukiirekebisha breki ambayo iko katikati kabisa. Legeza nati, simamisha baiskeli kwa magurudumu yake ili uzito uliweke gurudumu mahali pake, kaza tena pande zote mbili.

Lizungushe ukiwa umelikazia macho pengo kati ya raba na rimu. Pengo likipanuka na kufinyika, rimu imepinda. Upindaji mdogo unavumilika. Ukiwa mkubwa kiasi kwamba raba zinalazimika kukaa mbali, hakuna skurubu ya wenzo itakayokuokoa. Rimu inyooshwe kwa spoku, na kama hujawahi, hii ndiyo sehemu ya kumpa fundi.

Raba zenyewe zina mambo mengi kuliko zinavyoonekana. Mistari iliyochongwa juu yake ikiwa imefutika, zimekwisha. Zikigongwa kwa ukucha na kusikika kama plastiki ngumu, zimezeeka hata kama bado ni nene. Baiskeli iliyokaa bila kutumika muda mrefu ina raba za namna hii mara nyingi. Zikibanwa, uso wote ukae juu ya ukuta wa rimu. Raba inayogusa tairi, hata kwa ukingo tu, inalichana tairi kidogo kidogo mpaka tyubu itokeze. Inayoning'inia chini ya rimu inaacha mdomo wa mpira usiolika, na kwenye breki za V hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa raba zinavyozidi kuisha ndivyo zinavyozidi kushuka kuelekea spoku. Hizo zifunge karibu na ukingo wa juu wa rimu, ukiacha kama 1 mm kabla ya tairi.

Raba ya kuchomeka, ile inayoingia kwenye kijumba cha chuma, ina upande mmoja uliofungwa na mwingine ulio wazi. Upande uliofungwa ukae mbele. Ukigeuza, siku mtoto atakapobana kwa nguvu gurudumu litaisukuma raba itoke. Mshale uliochorwa juu ya raba, kama upo, unaelekea mbele.

Breki ikilia, sehemu ya mbele ya raba iguse rimu kabla ya sehemu ya nyuma, kwa tofauti ya milimita moja hivi. Kelele peke yake haimaanishi breki ni mbovu, lakini mtoto anayeionea aibu breki yake ataacha kuitumia, kwa hiyo usiipuuze.

Raba zikishakaa, vuta waya, uache pengo la 1 hadi 2 mm kila upande, kaza bolti ya kubana waya. Kama raba moja iko mbali kuliko nyingine kwenye breki za V, kila mkono una skurubu ndogo chini yake: ukiikaza, springi ya upande huo inapata nguvu na raba inasogea mbali na rimu. Rekebisha kwa robo mzunguko, bana breki mara kadhaa, tazama tena. Kwa marekebisho madogo ya waya baadaye, tumia ile nati ya mkono iliyo mahali ganda linapoingia kwenye wenzo. Ikifunguka nyuzi nyingi mno itachomoka, hivyo irudishe ndani na uvute waya upya chini.

Kwenye kazi hii kiganja cha mtu mzima kina kazi yake moja halali: kuvunja. Bana kila wenzo kwa nguvu zako zote, mara kumi. Waya ukiteleza chini ya bolti, uteleze sasa, mikononi mwako. Mwisho wa kuvuta, wenzo uache nafasi ya wazi kati yake na usukani. Ukigusa, mwendo umekwisha kabla ya breki.

Usipake oili wala kipolishi chochote kwenye rimu au raba. Inaonekana ni jambo la kila mtu kulijua, ila baiskeli ya mtoto husafishwa kwa upendo mwingi, na rimu zinazong'aa ndizo zinazopakwa. Futa kwa spiriti na kitambaa safi. Na kama rimu ni za chuma kilichopakwa kromu badala ya alumini, fahamu kwamba zikilowa breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mtoto mwenye rimu hizo asiachwe kwenye mteremko wakati wa mvua, hata marekebisho yakiwa mazuri namna gani.

Breki ya mkanda ina ujanja wake. Mkanda unaoizunguka ngoma hujikaza wenyewe gurudumu likizunguka mbele, na hulegea likizunguka nyuma. Ukiipima kwa kuvuta baiskeli kinyumenyume utaiona mbovu wakati ni nzima. Ipime mbele tu, na ukisikia mlio mkali unaozidi siku hadi siku, fungua uangalie kama mkanda umelika.

Kukanyaga nyuma

Breki hii inapendwa kwa kuwa haihitaji vidole, na ni kweli mguu wa mtoto una nguvu ambayo mkono wake hauna. Lakini ina udhaifu wake.

Nyanyua gurudumu la nyuma, zungusha pedali mbele, kisha irudishe nyuma. Gurudumu lishikwe mapema. Kanuni za Marekani haziruhusu zaidi ya nyuzi 60 kati ya pale pedali inapoanza kuendesha na pale inapoanza kushika, na breki iliyo nzima huhisi fupi kuliko hapo. Ukiacha pedali, gurudumu liendelee kuzunguka bila kuburuza.

Kisha cheni. Breki yote inategemea cheni, kwa hiyo ikichomoka, breki imekwenda nayo papo hapo. Katikati yake, kati ya meno ya mbele na ya nyuma, iweze kupanda na kushuka kwa jumla ya sentimita moja hivi. Iliyolegea kuliko hapo inaruka. Iliyokaza mno inaikaba habu. Zungusha pedali mzunguko mzima ukiipima sehemu mbalimbali, kwa kuwa meno ya mbele mengi hayako duara kamili.

Angalia pia kipande cha chuma kilichotoka kwenye habu na kufungwa kwa klipu kwenye fremu. Kinaonekana hakina maana, na ndiyo maana kikilegea hakishughulikiwi. Kazi yake ni kuzuia ekseli isizunguke mtoto anapokanyaga nyuma. Klipu hiyo ikikosekana, nguvu yote ya breki inataka kufungua nati za gurudumu.

Udhaifu unaobaki hauna spana. Pedali moja ikiwa juu kabisa na nyingine chini kabisa, mguu hauna pa kusukumia nyuma. Mtoto afundishwe kusitisha pedali zikiwa sambamba na ardhi anapokaribia kusimama, na kwenye mteremko mrefu breki ya mkono isaidie, kwa sababu habu hupata moto na grisi iliyomo haipendi moto.

Makosa mawili nje ya breki

Magurudumu ya pembeni yanaweza kuizima breki ya nyuma ingawa hayana uhusiano nayo. Yakishushwa mno, baiskeli ikipita kwenye bonde dogo uzito wote unabebwa na yale ya pembeni, na gurudumu la nyuma linaning'inia hewani. Mtoto anashika breki, gurudumu linasimama, baiskeli inaendelea. Yaache yawe juu ya ardhi kidogo baiskeli ikiwa imesimama wima. Na kwa kuwa yanafungwa kwenye ekseli, baada ya kuyafunga au kuyatoa rudia kukagua nati, cheni na ile klipu.

Kosa la pili ni foki iliyogeuzwa. Baiskeli inayokuja kwenye boksi hufungwa usukani nyumbani, na mara nyingi foki inageuka nyuma bila mtu kujua. Ishara ni hizi: breki ya mbele iko upande wa pedali, miguu ya foki imepinda kuelekea nyuma, waya wa breki umejiviringisha shingoni, na vidole vya mtoto vya mguu vinagusa gurudumu akikunja kona. Breki inaweza kushika hata hivyo, lakini usukani hauendi kama ulivyokusudiwa. Geuza foki, kisha usukani.

Barabarani

Kabla hajapanda, atembee kando ya baiskeli akiisukuma na kuisimamisha kwa breki. Halafu apande polepole kwenye uwanja tambarare, asimame kwenye mstari uliochora chini. Mtazame miguu kuliko mikono. Mtoto anayeshusha viatu na kuburuza hana kiburi. Ameshagundua kwamba breki haimsaidii au haifiki. Geuza viatu vyake utazame ncha za soli: zikilika vidoleni huku raba za breki zikiwa mpya, jibu unalo, rudi kwenye umbali wa wenzo.

Kwa mwendo wa 15 km/h, baiskeli inasafiri zaidi ya mita 4 kwa sekunde moja. Nusu sekunde anayopoteza kuutafuta wenzo kwa vidole ni mita 2 kabla breki haijaanza kazi. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne, ndiyo maana breki iliyotosha uwanjani inaweza isitoshe kwenye mteremko.

Mfundishe kubana zote mbili kwa pamoja, polepole kisha kwa nguvu. Uzito huenda mbele baiskeli inapopunguza mwendo, hivyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha, na la nyuma huteleza upesi likitumika peke yake. Kumwogopesha mtoto na breki ya mbele kunamwacha na nusu ya breki. Kinachomrusha ni kuibana ghafla kwa nguvu zote, uzito wake ukiwa mbele, na hilo linazuilika kwa mazoezi.

Mwisho hakikisha wenzo wa mbele uko upande gani. Uingereza wa kulia ndio wa mbele. Marekani wa kulia ni wa nyuma. Baiskeli husafiri kutoka nchi hadi nchi bila kubadilishwa, na ndugu wawili wanaobadilishana baiskeli wanaweza kukuta pande zimepishana. Kubadilisha pande ni kazi ya kuchomoa waya mbili kwenye nyenzo na kuzipitisha upya, na inafaa kufanywa siku hiyohiyo unapobadilisha maganda. Mtoto akishakua kidogo na vidole kurefuka, rudi kwenye ile skurubu ya wenzo uifungue nusu mzunguko, uone kama mwendo wa ziada unaipa breki nguvu zaidi.